Ombi la Mwanangu Kufundishwa Uongo wa Kiasi

Kwa Mwalimu Mkuu,
Ofisini kwako.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

KUHUSU: UKWELI ULIOSEMWA NA MWANANGU MBELE YA SHULE NZIMA

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa kazi ya kulea watoto wa wenzio. Mimi ni baba wa yule msichana wa darasa la kwanza ambaye nyumbani tunamwita Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hajapata kuzimwa. Kazi yangu ni kufundisha udereva. Gari langu unalijua: ni lile jeupe lenye kibao cha "MWANAFUNZI" juu ya paa. Wazazi wengi wa shule yako wamejifunzia humo, na wengine walikuwa wanakusudia kujifunzia, mpaka Jumatatu.

Jumatatu, kama ujuavyo, mwalimu wa darasa aliwaambia watoto wasimame mmoja mmoja waeleze walivyotumia likizo. Wenzake walisema walikwenda kwa bibi, wakala, wakarudi. Mwanangu alisimama akamaliza kipindi kizima cha hesabu. Nasikia mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka darasa la pili akarudie. Jumatano akapandishwa jukwaani mstarini na kupewa kipaza sauti. Mwalimu Mkuu, kipaza sauti kwa mtoto huyu ni petroli kwenye moto.

Sikatai kwamba tulikwenda baharini. Tulikwenda familia mbili, tukapanga nyumba moja karibu na ufukwe: mimi, mke wangu na Redio, pamoja na rafiki yangu wa tangu shuleni, fundi umeme tumwitaye Waya, mke wake ambaye ni muuguzi, na mtoto wao wa miaka minne, Kobe, aliyepata jina hilo kwa mwendo wake. Ninachokataa ni namna mambo yalivyosemwa, yaani kama yalivyokuwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba gari la baba lilikwama mchangani.

Gari halikukwama. Lilipumzika. Waya alisema tuliache barabarani, nikamwambia, "Ndugu yangu, unamfundisha samaki kuogelea?" Nikaliteremsha mpaka karibu na maji ili watoto wasitembee. Magurudumu yalipozama hadi nusu, niliendelea kukanyaga mafuta kwa makusudi, ili Waya aone jambo ambalo dereva hapaswi kulifanya. Tulivutwa na trekta la kuzoa taka za ufukweni. Ni kweli mwenye trekta alisoma kibao akauliza, "Mwanafunzi ni nani hapa?" Na ni kweli mke wangu alininyooshea kidole. Lakini je, hilo lilikuwa la kuigizwa na mtoto kwa sauti za watu wote, pamoja na ya trekta?

2. Kwamba baba alinasa kwenye boya la Redio.

Boya lile lina shingo ya bata na limetengenezwa kwa kiuno cha mtoto. Nililivaa ili kulipima usalama. Kosa ni la waliolitengeneza. Aidha, alidai nilichomolewa kwa mafuta ya kupikia. Huo ni uzushi. Yalikuwa mafuta ya kujipaka ya shemeji, mke wa Waya, tena yale yenye manukato. Naomba lisahihishwe.

3. Kwamba Waya hukoroma.

Hili ni kweli. Naliweka hapa kwa sababu Waya atasikia habari za barua hii, na ningependa lijulikane kimaandishi.

4. Kwamba mama yake na mama Kobe walinuniana kwa sababu ya sufuria.

Hawakununiana. Waliacha tu kuzungumza, wakawa wanazungumza kupitia kwa Redio. Mke wangu alikuwa jikoni, shemeji barazani, na mtoto katikati.

"Mwambie mama Kobe sufuria haijioshi."

Redio akaenda.

"Mwambie mama yako hapa si wodini, sijapangiwa zamu."

Redio akarudi. Sisi wanaume tulikuwa nje tukiwasha jiko la mkaa lililokuwa limeshawaka, maana wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni sisi. Jioni wakakutana mlangoni uso kwa uso. Shemeji akauliza kwa uchungu, "Kweli mwenzangu, mimi nina mikono ya kuazima?"

Mke wangu akaduwaa. "Nani kasema? Mimi nimesema sufuria tu!"

Wakaanza kulinganisha. Ikabainika kwamba nusu ya matusi, na yale matamu kuliko yote, yalitungwa njiani, kati ya jikoni na baraza. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo wanaelewana kwa kila jambo, hasa yanayotuhusu sisi. Habari hii ingebaki siri ya nyumba. Sasa kina mama wa shule nzima wanaulizana getini kama mikono yao ni ya kuazima.

5. Kwamba Kobe alipotea, na baba akalia.

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye kidonda.

Asubuhi ile nilimwambia Redio, "Leo, mama, nyamaza kidogo. Usiseme neno mpaka tule chakula cha mchana, nitakununulia aiskrimu." Akaubana mdomo kwa vidole. Nikajinyoosha mkekani, nikaifurahia dunia. Nilidhani Waya anamwangalia Kobe. Waya alidhani ni mimi. Wake zetu, waliokuwa wakitembea ufukweni na maneno yao yasiyokwisha, walidhani wameacha nyuma watu wazima wawili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Shemeji aliporudi aliuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Tukatazamana, mimi na Waya. Viatu vya Kobe vilikuwa pale mawimbi yanapoishia, vimepangwa vizuri, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto.

Waya alitimka mbio. Aliingia baharini na suruali yake, simu yake, kila kitu. Shemeji, ambaye kazini huona mengi bila kupepesa, alikaa chini mchangani akawa anamwita mtoto taratibu, kana kwamba yuko chumba cha pili. Mimi sijui kuogelea, na hilo sasa shule nzima inalijua. Niliingia hadi kifuani, nikawa napapasa chini kwa miguu. Kila kilichonigusa nilikiinua. Mwani. Mfuko wa plastiki. Mwani tena. Niliomba na kuahidi mambo ambayo hayafai kuandikwa kwenye barua ya shule.

Ndipo mke wangu akamwona Redio amesimama kando, vidole bado viko mdomoni, machozi yanamtiririka. Akamshika mabega. "Umemwona Kobe?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Yuko wapi? Sema!"

Redio akanitazama mimi kule majini, kama anayeomba ruhusa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Sema, mama! Sema!"

"Amelala kwenye gari. Amesema jua kali. Mliniambia ninyamaze."

Alikuwa huko kweli. Safari hii gari tulikuwa tumeliacha barabarani, kwenye kivuli, milango wazi. Kobe alikuwa kiti cha nyuma, mate yanamtoka, nyayo zimejaa mchanga. Waya alimbeba, akakaa naye palepale chini. Mimi nilisimama nyuma yao nikiwa nimeshikilia mlango, kwa sababu mlango ulihitaji kushikiliwa.

Sikulia, Mwalimu Mkuu. Yalikuwa maji ya bahari. Bahari ina chumvi, nami nilikuwa nimetoka humo. Kwamba maji hayo yaliendelea kutoka hadi jioni, mbele ya sahani, ni suala la kitabibu. Nilimwuliza shemeji kama muuguzi, naye hakuweza kunijibu kwa sababu alikuwa na tatizo hilohilo.

Kwa hayo yote naomba:

(a) Utangaze mstarini kwamba gari lilipumzika.

(b) Watoto wafundishwe uongo wa kiasi, ule tunaoutumia watu wazima tukiulizwa likizo ilikuwaje: "Nzuri tu, tumepumzika."

(c) Hilo likishindikana, mwanangu afundishwe kunyamaza. Najua shule zote hulifundisha somo hilo, hata bila kulipangia kipindi.

Nisalimie walimu wote, mpishi, karani wako, na mlinzi wa getini, ambaye siku hizi hunipokea kwa mlio wa trekta. Mwambie nimesikia.

Wako katika heshima na masikitiko,

Baba Redio,
Mwalimu wa Udereva (miaka mingi bila ajali yoyote barabarani)

Nyongeza: Barua hii imelala mezani tangu jana. Redio alinisikia nikimsomea mama yake ombi la (c), na tangu hapo hasemi mpaka aulizwe. Amekula kimya, ameoga kimya. Leo asubuhi nimemwuliza ameota nini, akajibu, "Hakuna." Nyumba imekuwa kama duka lililofungwa. Waya amekuja na Kobe mabegani kusikia tena habari ya trekta, hapakuwa na wa kuisimulia. Nimejaribu mimi, Kobe akasema siyo hivyo. Tafadhali futa ombi la (c). Futa na la (b). La (a) pia liache, gari lilikwama. Tumembembeleza mtoto, na amekubali kufungua mdomo kwa sharti moja: Jumatano nije mstarini, nishike kipaza sauti, niseme mwenyewe kwamba nililia. Nitakuja. Waya naye anakuja. Analalamika kwamba yeye alilia kuliko mimi, na hakutajwa popote.