Sharti la Bi Lovie

Jumamosi asubuhi, mwaka 1958, kinyozi Purvis alimfunga mteja wake, Chicago, shuka shingoni, kisha akatusomea gazeti: Lovie Satterwhite, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa bluzi, ataimba kesho kwenye jubilei ya kanisa letu hapa Macon.

"Mashuhuri tangu lini?" akauliza Chicago. Tulimwita hivyo kwa sababu aliishi Chicago miezi mitatu, akarudi na lafudhi ya miaka thelathini. "Si kanisa hilihili lililomfukuza?"

"Halikumfukuza," akasema Shemasi Tolbert kutoka kwenye benchi. "Lilimwombea akiwa nje."

"Miaka thelathini na miwili? Maombi marefu hayo, mzee."

"Alikuwa anaimba bluzi, nyimbo za dunia, kwenye mahema ya maonyesho. Tena mabega wazi."

"Mabega uliyaonea wapi?"

"Niliambiwa."

"Uliambiwa ukiwa safu ya mbele," nikasema. "Mimi nilikuwa nyuma yako, kofia yako imeniziba."

Purvis akacheka puani. "Basi mwenzenu akapanda treni. Akaimba New York, akatoa santuri, akafika hadi Paris. Nyie mmefika wapi?"

"Atlanta," akasema Shemasi.

"Kung'oa jino," Purvis akamalizia.

"Na bado alirudi," Shemasi akajitetea.

"Alirudi kumuuguza mama yake," nikasema. "Santuri zilishakosa wanunuzi. Akapika kwenye jiko la shule miaka ishirini. Mama alipofariki, Lovie aliomba aimbe ubeti mmoja tu kaburini. Mkamwambia sauti yake imechafuka."

Mkasi wa Purvis ukasimama.

"Mwezi uliopita kaja mzungu na mashine ya kurekodi nyimbo zake," Chicago akasema taratibu, "sauti ikatakata ghafla. Miujiza ipo, jamani."

Mara Lovie mwenyewe akapita nje na mfuko wake wa bamia. Chicago akatoa kichwa mlangoni, shuka likining'inia.

"Bi Lovie, kweli kesho unaimba?"

"Naimba. Nimempa mchungaji sharti moja tu. Kabla sijafungua mdomo, asome ile barua ya kunifukuza. Yote, pamoja na majina ya waliotia saini. Amekubali."

"Barua hiyo si ilishapotea?" Shemasi akauliza, haraka kidogo.

"Ninayo. Imekwenda Paris na kurudi ndani ya sanduku langu." Akamtazama bila hasira. "Mna miandiko mizuri sana, Shemasi. Hasa jina la tatu."

Akaenda zake. Tukamwangalia Shemasi. Tulitarajia aseme mgongo unamuuma, au ana msiba Savannah. Badala yake akavua kofia, akajikongoja hadi kwenye kiti.

"Chicago, nipe hilo shuka."

"Mzee, nimenyolewa upande mmoja."

"Nipe shuka, nimesema. Purvis, ninyoe vizuri, na ndevu uzitoe zote. Kesho nasomwa mbele ya watu."