Kaisari wa Wafaransa Apandishwa Ukuta wa Mama Fidélie

Sikizeni, enyi mlioketi na enyi mnaopita, habari za Ngandu mwana wa Kabeya, mwalimu wa historia mjini Kindu, simba wa ubao na chaki, ambaye kwa bahati mbaya ni mimi, na vita alivyopigana na msumari.

Nyumbani mwetu kulikuwa na picha iliyomwonyesha Kaisari wa Wafaransa juu ya farasi mweupe, akivuka milima ya theluji, joho likipepea. Marehemu baba, fundi wa reli, aliipenda kupita kiasi. Wakati wa vita, tulipovuka Lualaba kwa mtumbwi kukimbilia porini, aliacha godoro akabeba Kaisari. Mama yangu, Mama Fidélie, akalala juu ya majani. Baba hakurudi kutoka porini. Picha ilirudi, naye mama akaisukuma chini ya kitanda, asiitazame tena.

Jumapili moja, mama akiwa kanisani, niliitoa picha chini ya kitanda na kupanda kiti kwa ushujaa ili kuitundika, mke wangu Ndaya akikishika miguu na kuniuliza kama nimewahi kupigilia kitu maishani. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliangusha nusu ya tofali. Nyundo ikanigeuka, ikakipiga kidole gumba changu, nami, jemadari, nikalia machozi.

Ndipo mama akaingia.

“Ngandu, ule mutu alinilalisha chini. Unamupandisha ku ukuta wangu?”

Nikahutubu juu ya kiti, kidole mdomoni: “Mama, malkia wa nyumba hii, sikia. Siku ile ya kuvuka milima Kaisari hakupanda farasi. Alipanda nyumbu, polepole, mwanakijiji akimuongoza. Mapinduzi yalikuwa yameangusha mfalme, na huyu alitaka kuonekana mukubwa kuliko wafalme. Muchoraji njo alimupa farasi.”

Mama aliketi. Akauliza kama baba alilijua hilo. Nikamwambia alilijua: kule porini, akikohoa, alinisimulia huku akicheka, akasema hata yeye ni mtu wa mtumbwi unaovuja, anayependa kuonekana mpanda farasi.

Nikaishikiza picha ukutani, mama akaitazama. Ndaya hakuthubutu kuachia kiti.

“Iko upande,” mama akasema. “Inua kushoto.”

Basi na yakumbukwe na vizazi: msumari wa mwisho uliingia, ukuta haukuanguka, na mchana ule Mama Fidélie alikula sombe yake, majani ya muhogo, akiwa ameielekea picha.