Mwambie Mrisho Aketi Kitako

Bagamoyo, Mfunguo Nane, 1937

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la kila mwezi,
Dar es Salaam.

Bwana Mhariri,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana waliosimama nimechoka nao. Mimi ni Mwanajuma binti Dadi, bibi yake Mrisho, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Chuoni nilisoma juzuu mbili, herufi za Kizungu nimezipata ukubwani, kwa hiyo pakikosewa neno, lisome lilivyotaka kuwa.

Mwezi uliopita uliandika habari ya Desturi za Kila Siku za Watu Wenye Bidii. Mjukuu wangu Mrisho, ambaye kazi yake ni kununua nazi na kukausha mbata, aliisoma akiwa ameegemea nguzo, anamenya chungwa. Chungwa hakulimaliza. Tangu siku hiyo hajaegemea kitu.

Nakuomba jambo moja tu: andika kwamba ulikosea, ili Mrisho arudi kuketi nami barazani baada ya sala ya alasiri, kama alivyokuwa akiketi tangu mama yake alipofariki akaniachia. Mimi nilikuwa nampa kahawa, yeye ananipa habari za mjini, nami nazibishia zote. Sasa nabisha peke yangu. Sababu zangu ni hizi:

1. Umesema mwenye bidii huamka kabla ya jogoo. Wewe una jogoo? Sisi tulikuwa naye, tena hodari. Mrisho akawa anatoka kitandani, anakwenda bandani, anamtikisa: "Amka wewe, wenzako tumeamka!" Jogoo akavunjika moyo. Akaacha kuwika kabisa, akawa anashinda ukutani anatazama chini kama akida aliyeachishwa kazi. Ijumaa tukamla. Alikuwa mgumu, lakini kosa si lake.

2. Umesema viungo vinyooshwe kila asubuhi. Basi anaruka uani, mikono juu, mikono chini, kisha anajimwagia maji ya mtungini katika kipupwe hiki na kupiga ukelele. Jirani yangu Ashura, ambaye kazi yake ni kupunga pepo, akaja mbio na chetezo cha ubani, wala hakuitwa. Akamfukiza, akamuuliza kwa adabu, "Ewe mgeni, wataka nini?" Mrisho akajibu, "Maji ya moto na ndimu, na nafasi ya kufikiri." Ashura anasema tangu arithi kazi yake hajaona pepo rahisi namna hii, wengine hudai beberu na pete ya fedha. Sasa mtaa mzima unaamini mjukuu wangu amepandwa na pepo wa Kizungu, tena maskini.

3. Umesema mwenye bidii hapotezi wakati kwa maneno. Bwana Mhariri, kwetu sisi mtu akikusalimu huulizana nawe hali, na ya watoto, na ya mguu, na ya mgonjwa wa Kaole, ndipo mnaachana. Mrisho amezikusanya salamu zote pamoja. Asubuhi anasimama njia panda anapaza sauti: "Shikamooni wakubwa wote mpaka magharibi! Wadogo, marahaba! Mimi sijambo, na nyumbani hawajambo!" Kisha siku nzima anapita kimya, kama mtu aliyekwisha lipa kodi. Mzee Bwanaheri alikuwa bado amelala. Alipokutana naye sokoni hakuamkiwa, akaja kwangu amenuna. Ikanibidi nimwambie, "Shikamoo yako ilipita asubuhi, hukuwapo." Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mwenye mvi mpaka masikioni?

4. Umesema kazi ianze kabla ya jua. Mbata, bwana, hukaushwa na jua! Mrisho anazianika gizani, ati jua likitoka lisimkute hajawa tayari. Umande unazinywesha, zimeota ukungu wa kijani. Nikamwambia, kama bibi anavyomwita mjukuu, "Mume wangu, jua lina saa zake." Akanijibu, "Ndiyo maana haliendelei."

5. Hili nilikuwa nalo, hasira imelipeleka. Likirudi nitaliandika pembeni.

6. Umesema mtu asikae na wasio na kusudi maishani. Alasiri moja nikamwekea kahawa. Akaja, akainywa wima, akaniuliza, "Bibi, kusudi lako ni nini?" Kusudi langu! Mimi niliyembeba mgongoni mpaka Kerege kumtafutia dawa ya surua, nikidhani ndilo kusudi lenyewe! Nikamjibu kwamba kusudi langu ni kukaa hapa mpaka Mungu aniite. Hapo nikaharibu, maana alitaka kujua nitaitwa lini.

7. Umesema mwenye bidii hupanga mambo mapema, hangoji yamkute. Mrisho akanieleza kwamba nikifa wakati wa nazi nyingi hatapata nafasi ya kukaa matanga, kwa hiyo afadhali ayakae sasa, kazi ikiwa nyepesi. Nikadhani mzaha. Alhamisi akaleta mchele na mbuzi, akaniambia nipike pilau, wageni wanakuja kwenye hitima. Nikapika. Sikuuliza hitima ya nani; chakula cha watu hakiulizwi maswali. Ukumbi ukajaa. Mwalimu Kibwana, aliyeletwa kuongoza dua, akauliza jina la marehemu, akaambiwa Mwanajuma binti Dadi. Akauliza amezikwa wapi. Mrisho akasema, "Bado, anapakua."

Mwalimu Kibwana ni mtu wa busara, na harufu ilikuwa imekwisha mfikia. Akasema dua haimdhuru aliye hai, basi na tumwombee afya. Wakaniombea. Mrisho akalia, machozi ya kweli na kwikwi, kisha akajifuta uso, akasema, "Hilo tayari," akarudi kwenye nazi zake. Mimi nikabaki na upawa mkononi, sijui nijipe pole au nioshe masufuria.

Tangu hapo, Bwana Mhariri, kwa Mrisho mimi ni kazi iliyokwisha fanywa. Akinipita hanitazami, kama mtu asivyotazama shamba alilokwisha palilia. Nisipolalamika nitalalamika lini, nami nimekwisha liliwa?

Kwa hiyo katika gazeti lijalo andika, kwa herufi nene zilezile, kwamba watu wenye bidii ya kweli huketi kila siku baada ya alasiri. Sema ulikuwa na homa ulipoandika yale. Usione haya, kukosea kumeumbiwa watu, hasa wanaoandika. Ukikataa nitakuja huko pamoja na Ashura, tukufukize wewe na mashine yako mpaka anayewatuma ajitaje jina.

Nisalimie mkeo, na mama yako kama yu hai, na wanaopanga herufi, na anayefagia hapo kazini. Hata huyo aliyekutungia zile desturi msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu,
Mwanajuma binti Dadi.

Nyongeza: Barua hii sijaipeleka posta, na mambo yamegeuka. Jana baada ya alasiri Mrisho alikuja kuniuliza kama matanga yangu yalinipendeza, kwani mwenye bidii huikagua kazi yake. Nikamwambia kweli: yale maneno mazuri waliyonisema nikiwa jikoni yalinipendeza sana, sikujua kama mtaa huu una macho. Lakini kazi yenyewe mbovu. Ndugu zetu wa Saadani hawakualikwa, na Mwanamkasi alikula sahani mbili bila kutoa hata chozi. Lazima irudiwe. Mrisho akafadhaika sana. Akaketi, Bwana Mhariri, kitako, juu ya mkeka, tuchague wageni. Kila jina alilotaja nililikataa, na kila nililotaja alilikataa, akanywa vikombe vitatu, mpaka ikaadhiniwa magharibi hatujamaliza hata mtaa wetu. Leo anakuja tena tuendelee, na kesho pia.

Basi barua hii usiichape. Chapa tena zile desturi, nzuri sana zile, na uongeze kwamba mwenye bidii asiifanye hitima ya bibi yake mpaka wapatane wote wawili juu ya wageni. Na mimi kupatana sina haraka.