Ombi la Kuandikiwa Kuwa Damu Yangu Haifanani na ya Jirani

Bel-Air, Lubumbashi

Kwa Docteur Gaëlle Mapalo, mkuu wa labo ya utafiti wa damu

Docteur mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa na kofia kichwani. Kuivua mbele yako ni heshima ambayo, baada ya uliyonitendea, bado sijaamua kukupa. Hata hivyo nakusalimu, na natumaini wewe na vichupa vyako hamjambo.

Unanifahamu. Mimi ni Kapya Katongo, mstaafu wa mgodi, mutoto wa hapa hapa, na baba yangu wa hapa hapa. Ulikuja kwenye avenue yetu kuomba watu wenye afya wakutolee damu. Ukatufundisha kwa upole kwamba juu ya chembe za damu kuna vilango vidogo. Mwili ukipata jeraha, unatoa kitu fulani kama mwito, na chembe zenye kilango cha mwito huo zinausikia na kukimbilia huko. Kwa kuwa jicho halioni vilango hivyo, unatumia kingamwili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: inashika kilango kimoja tu, haigusi kingine, kisha inang'aa chini ya mashine yako. Nilikusikiliza vizuri. Ndiyo sababu niliponzeka.

Binti yangu Kiki anataka kuolewa na Gauthier, mtoto wa jirani yangu André, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, ambaye baba yake alishuka hapa na treni kutoka Kasai. Treni! Nikakataa. Mke wangu Madeleine akanuna, na Kiki akaacha kucheka humu nyumbani. Basi nikasimama mbele ya familia zote mbili nikasema: damu yetu na yao ni vitu viwili, labo ya Docteur Gaëlle itatuamua, ikisema ni sawa, nitavua kofia mbele ya André na kumpa mtoto. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Tukatoa damu, mimi na André. Ukatuletea karatasi ambayo mng'ao wa damu zetu umechorwa kama vilima viwili vilivyolaliana, kimoja bluu, kingine chekundu, na ukucha haupiti katikati yake. Kipi changu, ukakataa kusema, eti siri ya utafiti. Sasa familia zinakutana Jumamosi, na mimi nitakuwa nimekwisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kingamwili yako haina malezi. Mtu akiingia kwetu, hata kama amekuja kuomba chumvi, anaulizwa jina, baba na kijiji. Hiyo yako imeingia katika damu yangu, ikashika kilango, haikuuliza kitu.

2. Ulikiri mwenyewe kwamba asili yake ni panya. Panya, Docteur! Panya wa Ulaya, ambaye hajui mtaa wa Bel-Air wala wa Hewa Bora, hajawahi kumeza tonge la bukari, ugali wetu, ndiye shahidi wa ukoo wangu? Kwangu panya anawekewa mtego. Iko panya gani ya kunifundisha miye mukwe wangu ni nani?

3. Ulisema pia kwamba zote zimetoka kwa chembe mama moja, kwa hiyo zote zinashika mahali pamoja na kusema neno moja. Hapo rufani nitakata wapi? Katika vikao vya ukoo wetu hakukosekani mjomba mmoja wa kupinga, hasa akishakunywa. Hizi zako hazina hata mjomba.

4. Kwenye kichupa wameandika kwamba inatambua kilango cha binadamu. Nikakuuliza kwa adabu kama hamna nyingine, ya wenyeji peke yao. Ukacheka. Quand même, Docteur! Ninyi wenye mashine za kuchambua chembe moja moja mnashindwa kutenganisha watu wa avenue moja? Sisi kazi hiyo tunaifanya kila siku, tena tumekaa kwenye viti.

5. Kwa hiyo naomba uniandikie karatasi mpya, kwamba kwangu kingamwili haikushika kitu. Ulinieleza kwamba isiposhika, huenda chembe zimekufa, au mmekosea kazi, au si chembe za binadamu. Nimelifikiria sana. Kusema nimekufa haiwezekani, majirani wananiona nikila. Kusema mmekosea, wewe mwenyewe utakataa, ninakujua kiburi chako. Imebaki ile ya tatu, nami ninaipokea kwa moyo mweupe. Andika: damu ya Kapya Katongo si ya binadamu. Piga muhuri. Afadhali nikae nje peke yangu kuliko kukaa ndani ya kundi la binadamu pamoja na André.

6. Kiki naye, kwa kuwa ni damu yangu, ataingia katika karatasi hiyo hiyo, na Gauthier hataweza kumuoa. Madeleine aliposikia hayo aliuliza kama ni hivyo, yeye ameolewa na nini miaka yote hii. Nimemwomba asiingilie mambo ya sayansi.

Nangoja muhuri wako kabla ya Jumamosi. Nisalimie wote wa labo, Ariel aliyenipa chai ya sukari nilipoona kizunguzungu, mlinzi wa getini, na hata hao panya kama wangali hai.

Ni mimi, kofia ikiwa bado mahali pake,

Kapya Katongo

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Ilikuwa imeshafungwa André alipovuka barabara kuja kutazama tena ile karatasi. Anadai kilima chekundu, kile kilichochorwa mbele, ni chake. Chake! Mungu wangu, kiburi gani hicho? Tumebishana mpaka bukari ikapoa, akala hapa hapa, na Kiki aliyekuwa anatupakulia alicheka hadi akaweka sahani chini. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu Pasaka, Docteur, nami sikujua kwamba nilikikosa namna ile. Namba tano usiifanyie kazi. Jumamosi uje wewe mwenyewe, siri ya utafiti uiache kwako, utuambie mbele ya watu wote kilima chekundu ni cha nani. Usitafute mzee mwenye kofia. Tafuta upara, utanikuta nimekaa karibu na mukwe wangu.