Ufuta kwenye Bakuli la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa mlaghai uzeeni. Naandika sasa, kabla ukweli haujanitoka pamoja na pumzi. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Neno "sana" hakulitamka. Binti yetu muuguzi ndiye aliyeliongeza, kimya kimya, kwa kugeuka na kutazama dirishani.

Haya. Moyo ni wangu, na nimeutumia vizuri. Kinachonitesa ni mifupa ya mke wangu. Safari hiyo hiyo daktari alisema imekuwa myepesi, na binti akatoa hukumu garini: mama akianguka tena, nyumba inafungwa, anahamia kwake ghorofani. Mke wangu hakubisha. Alipofika nyumbani aliingia jikoni akashika ukingo wa meza, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Kwa hiyo lazima nimwache amesimama. Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Vidonge alivyopewa havifai kitu. Amevitazama mara moja akasema ni vikubwa kama vifungo vya koti.

Lakini mimi nimefundisha kemia maisha yangu yote! Naujua ufuta. Ganda lake lina kalisi ya kujenga mifupa. Ndani yake mna chuma, mna mafuta mazuri, mna nyuzinyuzi. Tatizo moja tu: mke wangu haupendi. Ati huingia chini ya meno yake ya bandia na kukaa humo kama mpangaji. Basi ataula bila kujua. Mfuko nimeuficha ndani ya kiatu changu cha sherehe.

Jumanne, 4 Machi

Tahadhari kwanza. Nilimpigia binti simu nikamuuliza, kwa niaba ya jirani ambaye hayupo, kama ufuta unaweza kumdhuru mtu. Akasema wapo wanaovimba midomo na kubanwa pumzi. Akauliza jirani gani. Nikasema simu inakatika.

Nilisaga chembe chache kwa kitako cha gilasi, nikazipaka kwenye mkate wa mke wangu chini ya jamu. Kisha nikakaa nikimtazama midomo. Akala. Nikaendelea kutazama. Akaniuliza kama nataka busu, mzee mzima, asubuhi yote hii. Ningesema nini? Nikasema ndiyo. Akanibusu kwenye upara.

Hakuvimba. Mafanikio makubwa, kwa pande zote.

Jumatano, 5 Machi

Maafa. Nilimwaga kijiko kizima cha ufuta kwenye uji wake. Mbegu nzima nzima! Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri: mbegu nzima hupita mwilini kama mgeni asiyevua viatu, haiachi kitu. Lakini hazikupata hata nafasi ya kupita. Mke wangu alisimama, akaenda kwenye sinki, akavua meno, akayasuuza taratibu huku akinitazama kwa jicho moja.

Nikamlaumu muuza unga. Nikasema siku hizi hawachekechi. Akajibu, bila meno, kwamba atakwenda kumsema. Maskini muuza unga. Hana kosa lolote.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mke wangu alitoka kidogo, nikaamua kuukaanga ufuta ndipo niusage. Kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuacha. Nadharia ilikuwa safi. Nikaacha kukoroga ili nipumzike kwenye kiti, dakika ndogo tu. Ufuta ukaanza kuruka kama watoto wa darasa kengele ikilia. Mwingine ukaingia kwenye kola. Moshi!

Akatokea Fundi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mshona nguo, ana ndoo ya maji na tabasamu. Simpendi huyu mtu. Mjane, ana magoti mazima, na anamwita mke wangu shemeji kwa sauti ya asali. Leo alizima jiko, kisha akasimama akanikagua kuanzia mabegani mpaka miguuni. Macho yakakaa kiunoni. Nimeishi miaka mingi, nalijua jicho la fundi. Alikuwa ananipima!

Mke wangu aliporudi walinong'ona mlangoni. Nikakohoa. Wakanyamaza. Fundi akaniambia nipone haraka, Mwalimu, akaacha papai mezani. Sijaligusa.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Nimeukaanga upya nikiwa nimesimama, nikausaga kwenye mashine ya kahawa mpaka ukatoa mafuta na kuwa laini kama siagi. Vijiko viwili kwenye uji wake, asali juu ili kufunika harufu. Nikageuka kutafuta kijiko changu, ambacho siku hizi hakikai mahali pake. Nilipogeuka tena alikuwa ameshaanza. Alilamba bakuli lote! Akasema uji wa leo una mtu ndani yake. Nikainamisha kichwa ili asione ninavyocheka.

Hata uji wangu ulikuwa mtamu ajabu. Furaha ni kiungo.

Jambo jingine, naliandika kwa ajili ya sayansi: choo changu, ambacho kilikuwa kimegoma tangu mwisho wa mvua, kimefunguka. Sababu siijui. Nadhani ni papai, ambalo nililigusa kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Uji kila asubuhi. Kijiko changu kinapotea kila asubuhi. Yeye anapanda kizingiti bila kushika ukuta, nami najipongeza kimoyomoyo.

Binti alikuja na mizani yake. Nimenenepa. Akapima tena, hakuamini. Akauliza baba unakula nini. Nikamwambia nakula macho ya mama yako. Akasema hayo hayamo kwenye chati yake, lakini alicheka, na safari hii hakutazama dirishani.

Suruali zote zinanibana, nikamlaumu dobi. Nilipofungua kabati kutafuta ile ya suti nyeusi, sikuiona. Nikachungulia uani. Fundi alikuwa anaondoka, utepe wa kupimia shingoni, suruali yangu chini ya kwapa!

Sijafa bado, bwana. Sijafa bado, na mwenzangu ameshaanza kurithi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo lazima niandike.

Nilipata wazo la mafuta. Ufuta ndani umefanya kazi yake. Sasa mafuta ya ufuta kwa nje, kuyachua magoti. Hayatibu mfupa, najua, ila ngozi hulainika na mtu hujisikia ametunzwa. Nilimwambia mke wangu ni mafuta ya kawaida. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akapandisha gauni mpaka magotini. Nikamchua. Magoti yale nayafahamu tangu yalipokuwa yakiruka mitaro. Nilisahau kabisa kwamba ninafanya hila.

Kisha nikainuka kurudisha chupa, nikakanyaga matone niliyodondosha mwenyewe. Nikaenda chini mzima mzima.

Sikuumia. Lakini kuinuka nilishindwa. Nikafikiri: basi, ataniinua, atavunjika, watamhamisha, na muuaji wa mifupa yake nitakuwa mimi. Nikamsihi asinishike, amwite Fundi. Akaniambia nyamaza wewe. Akafuta sakafu kwanza kwa khanga, ana akili kuliko mimi. Akaleta kiti, akaweka mikono yangu juu yake, akapiga goti nyuma yangu, akanishika kwapani. Haya, Mwalimu, akasema, usinitegee. Tukainuka. Nilimsikia akihema sikioni. Mifupa yake haikulia hata mmoja.

Tulikaa vitini, mimi nikashindwa kuzuia machozi, nikaungama yote. Kiatu, gilasi, muuza unga.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema harufu ya ufuta wangu wa Alhamisi ile ilifika mpaka kituo cha basi. Alijua tangu siku ya meno. Na vidonge vya daktari? Anavimeza kila asubuhi baada ya kuamka, kwa maji mengi, tangu siku ya kwanza. Alisema ni vikubwa, hakusema hamezi. Hayo mengine niliyaongeza mimi.

Na uji? Yeye ndiye aliyekuwa akikificha kijiko changu. Nikigeuka kukitafuta, anabadilisha mabakuli.

Kumbe wiki nzima nimejilisha mwenyewe! Akasema nilikuwa nimekonda mpaka suruali inanivaa mimi badala ya mimi kuivaa, na chakula nakisukuma. Huo uji ndio kitu pekee nilichomaliza. Fundi alidokezwa siri hiyo akaombwa apunguze suruali nyeusi. Alipokuja kuichukua akaona nimenenepa, inabidi aitanue. Imerudi leo. Inanikaa vizuri. Hakuna malipo aliyotaka, ila nimsalimie kwa adabu.

Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakunikamata mapema. Akawa anakunja ile khanga yenye mafuta, anaikunja na kuikunjua. Akasema kabla ya ufuta nilikuwa nashinda nimelala nikitazama ukuta. Halafu nikaanza kuamka, kunyata, kusema uongo. Nilikuwa na kazi. Angeninyang'anyaje?

Jumatatu, 17 Machi

Binti amekuja, ameambiwa nani alianguka na nani alimwinua. Akasema basi, hakuna anayehama. Ataleta mkeka wa mpira wa kuweka jikoni, na mama aendelee na vidonge na kutembea kila jioni. Mke wangu akageukia jiko haraka. Mabega yake yalikuwa yanacheka, au yanalia. Sikuuliza.

Tukaapa mbele ya binti: hila mwisho. Ufuta utakaa mezani, kwenye chupa ya kioo, kila mtu ajiwekee. Fundi ni shahidi. Nilimsalimia kwa adabu.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamka mapema. Nimeutia ufuta kwenye uji wake, vijiko vitatu, kisha nikageuka kimakusudi kutafuta kijiko, ili abadilishe mabakuli. Nilipogeuka tena nikayabadilisha mimi. Hesabu safi kabisa. Nikaonja langu kuhakikisha.

Ufuta mtupu! Nikanyoosha shingo, nikaonja na lake. Ufuta mtupu! Naye alikuwa ametangulia kutia kwenye bakuli langu.

Ananitazama kwa jicho moja na kuuliza kama uji una chumvi. Nimemwambia umekolea.

Kesho nitaweka alama ya mkaa chini ya bakuli lake.