Kofia Ilipiga Kura, Mimi Nilichoma Soseji

Clarrie Dunstan,
Mtaa wa Reli,
Warrendilla.
Tarehe 18 Novemba

Kwa Bi. Hargraves,
Msimamizi wa Uchaguzi.

YAH: BARUA YENU YA KUNITAKA NIELEZE KWA NINI SIKUPIGA KURA

Bi. Hargraves mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo, ila nyumbani kwangu kuna baridi ingawa ni Novemba na joto la huku limeshaanza, kwa sababu mke wangu hajanisemesha tangu siku ya uchaguzi, wiki sita sasa. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa upole kwa nini sikupiga kura ya udiwani, ukaniachia mistari mitatu ya kujieleza. Mistari mitatu haitoshi, bibi. Nimeongeza karatasi.

Sheria naijua. Nchi hii kupiga kura ni lazima, kama kufunga mkanda garini, na asiye na sababu ya maana hutozwa faini. Faini hainisumbui. Kinachoniuma ni kuitwa mtu "aliyeshindwa kushiriki". Kwa hilo nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Nilishiriki. Nilifika shuleni, penye kituo cha kura, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya karani wako, na ni mimi niliyemwonyesha swichi ya taa za ukumbini. Nikasimama nyuma ya jiko la soseji mpaka mlango ulipofungwa jioni. Nimechoma soseji kila uchaguzi kwa miaka ishirini na sita, na faida yote huenda kutunza bwawa la kuogelea la mji. Kutoka kwenye jiko langu hadi kwenye sanduku la kura ni hatua kumi na nane. Huwezi kuniambia mtu aliye hatua kumi na nane kutoka kwenye demokrasia, na aproni kiunoni, hakushiriki.

2. Wengine walishiriki kwa sababu yangu. Mzee Alby Crouch hutoka shambani kwake mwendo wa saa nzima, na kabla hajazima gari huuliza kama kuna vitunguu. Vikiwepo, anaingia kupiga kura. Visipokuwepo, anageuza gari na kwenda zake, faini atalipa. Safari hii vilikuwepo. Sasa kura ile ni ya Alby, au ni ya vitunguu vyangu? Kuna na binti mmoja aliyeniambia aliandika namba moja kwa mgombea wa juu na mbili kwa wa chini bila kusoma jina, awahi foleni yangu kabla haijawa ndefu. Kwa hesabu zangu watu arobaini waliletwa na harufu tu. Naomba niandikiwe kura hizo arobaini. Au tuseme ishirini, mimi si mtu wa makuu.

3. Hapa ndipo ninapokasirika. Wagombea walikuwa wawili. Kelvin Prowse, fundi wa matairi, anataka bwawa lifukiwe pawe maegesho ya magari ya wageni. Jocelyn Tripp, nesi mstaafu, anataka bwawa libaki. Kura zikahesabiwa: Kelvin mia mbili na kumi na moja, Jocelyn mia mbili na kumi na moja. Sheria yenu ikasema majina yatiwe kwenye kofia. Karani akavua yake, ya kijani, yenye doa la mafuta ambalo nalijua lilikotoka, akatia mkono, akatoka Kelvin. Sasa nakuuliza, bibi. Mnasema raia ana wajibu wa kutafakari na kuchagua kwa dhamiri. Kofia haina dhamiri. Haina anwani, haikujiandikisha, haikusoma kipeperushi hata kimoja. Nayo ndiyo iliyotuchagulia diwani. Je, kofia hiyo imeandikiwa barua?

4. Tangu siku ile mji mzima umegeuka mwalimu wa hesabu. Mia mbili na kumi na moja, mia mbili na kumi na moja, na Clarrie mmoja. Nikienda kununua mkate, mama wa duka la mikate ananiuliza kama nimeshaamua mkate gani au auweke kwenye kofia. Kilabuni nimekuta kofia imewekwa kwenye kiti changu, na mbele yake glasi ya bia iliyojaa. Nikasimama. Hakuna aliyeiondoa.

5. Naja kwa mke wangu, Noeline. Magoti yake yamekwisha. Nchi kavu anatembea na fimbo, na ngazi mbili za varanda anazipanda kama mlima. Lakini bwawa likifunguliwa kila Septemba, yeye na wenzake huingia alfajiri, na majini, Bi. Hargraves, mke wangu ana miaka thelathini. Nimemwona. Anacheka huko ndani. Hilo ndilo bwawa ambalo Kelvin atalifukia majira ya joto yakiisha.

Siku ya kura Noeline alikuwa kando yangu akipaka mkate siagi. Saa kumi na moja jioni akaninyang'anya koleo, akaniambia niende nikapige kura. Nikasema ngoja foleni iishe. Foleni ikaisha. Nikasema ngoja nikwangue bamba la jiko. Nikalikwangua, bibi, nikalikwangua mpaka likang'aa kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe, na mlango ukafungwa.

Maana Kelvin ndiye aliyenisimamia harusi yangu na huyo huyo Noeline. Mwaka wa mafuriko alikuja na trekta usiku akamtoa mama yangu juu ya paa. Aliponiomba kura yangu nilimpa mkono. Sasa ile namba moja ningeiandika wapi? Kwa aliyemwokoa mama, au kwa magoti ya mke wangu? Mshika mawili moja humponyoka, nami nikaona bora nishike koleo. Naona haya kuliandika hili, lakini umeuliza.

Tulipofika nyumbani Noeline alisema neno moja tu. Alisema, "Asiyekuwepo na lake halipo, Clarrie. Lakini wewe ulikuwepo." Basi, hajasema tena. Chai nachemsha mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nausubiri huo mshindo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Nipatie cheti chenye muhuri wa ofisi, nikibandike kwenye mlango wa friji, kiseme wazi kwamba kura moja si kitu, kwamba raia hana deni la siasa kwa mtu yeyote, na kwamba mwanamume anaruhusiwa kuwapenda watu wawili katika kata moja. Muhuri uwe mkubwa, Noeline hasomi bila miwani.

Nisalimie wote ofisini, nisalimie karani, na kofia yake nayo uifikishie salamu.

Wako mtiifu, isipokuwa siku ile,

Clarrie Dunstan,
Mchoma soseji.

Baada ya sahihi: Nilikuwa nalamba bahasha Kelvin akaingia. Amejiuzulu. Kumbe madiwani wana kikao kila Jumanne, na Jumanne ndiyo siku yake ya kuvua samaki mtoni. "Sikujua kuna kazi, Clarrie," ameniambia. "Mimi nilidhani ni kushinda tu." Jocelyn naye amehamia kwa bintiye na hagombei tena. Bwawa bado lina maji.

Ndani ya bahasha hii utakuta fomu yangu ya kugombea udiwani alioacha Kelvin. Sahihi ya kwanza ya wadhamini ni ya Noeline. Alitia sahihi, akarudisha kalamu mezani, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Cheti nilichoomba usikitume. Kama kimeshapigwa muhuri, kichome. Badala yake waandikie wasiopiga kura wote wa kata hii, kwa herufi kubwa, uwakumbushe kwamba ni wajibu wao na kwamba kura moja inaweza kufukia bwawa. Soseji atachoma Kelvin, nimeshampa koleo. Na Mzee Alby Crouch umwandikie peke yake: mwambie vitunguu vitakuwepo.