Godoro la Manyoya la Keziah

Harrowfield, Massachusetts
Aprili 1775

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mfalme anayeshughulikia makoloni,
London.

Mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kutokutaja jina lako. Kila gazeti likifika hapa kutoka Boston tunasoma kwamba waziri wa zamani ameondolewa na mpya ameingia, nami sitaki kumwandikia mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi. Yeyote uliye, natumaini u mzima na nyumbani kwako hawajambo.

Mimi ni mjane, mfugaji wa mabata bukini, na raia mtiifu wa Mfalme. Raia watiifu katika mji huu nimebaki peke yangu, na hata mimi sisemi kwa sauti. Nakuandikia kuhusu godoro la binti yangu Keziah. Kwetu msichana haolewi bila godoro la manyoya. Kijana analeta nyumba na ng'ombe, msichana analeta godoro, na asiye nalo atazeekea kwa mama yake. Nilianza kuweka manyoya tangu Keziah anaota meno. Sasa ni mwanamke mzima, mchumba wake Asahel Fitch amejenga nyumba mpaka imeanza kuchakaa kabla haijalaliwa, na godoro bado halijajaa. Chanzo ni kodi zenu. Nitaeleza kwa utaratibu.

1. Mlipoleta kodi ya stempu kwenye hati na magazeti, watu wa hapa walikasirika wakatengeneza sanamu la wakala wa stempu ili walinyonge mtini na kulichoma. Sina ubishi na hilo. Lakini wakala alikuwa mnene, na majani makavu hayakutosha tumbo lake. Shemasi Zadok Pruitt, ambaye ndiye kichwa cha kila ghasia hapa, akaja kupiga hodi, kofia mkononi. "Mama Keziah, tumekuja kwa wema," akasema. "Tumepungukiwa tumbo." Nikampa gunia moja kwa ajili ya ujirani. Baadaye kodi mkaifuta. Manyoya yalikuwa yameshaungua.

2. Mkaleta kodi nyingine, za vioo, rangi, karatasi na chai, na safari hii mkamleta na mtu wa forodha, Bwana Percival Lumley, ambaye mwili wake ni kama pipa. Watu hawakutosheka tena na sanamu. Wakamvua shati wakampaka lami, na lami bila manyoya, kwa maelezo ya Shemasi, ni uchafu tu, si adhabu. Nusu ya godoro ikaisha kwenye mgongo wa Bwana Lumley. Nilifanya nililoweza, Mheshimiwa. Alipoachiwa nilimwingiza jikoni, nikamsugua kwa mafuta ya nguruwe, nikawa namnyonyoa na kuyaweka manyoya kwenye beseni. Alidhani namhurumia. "Mungu akubariki, mama," akasema huku analia. Nikamwambia atulie, mgongoni bado. Kazi yote ilikuwa bure, kwa sababu yalinuka lami, na Keziah alisema hawezi kulalia afisa wa serikali usiku wa harusi yake.

3. Lalamiko hili linawahusu watu wangu mwenyewe, lakini nalileta kwako kwa kuwa wao hawanisikilizi. Hapa hakuna linalofanyika bila mkutano wa mji na kura. Njia ya ng'ombe, kura. Nguruwe wavalishwe nira shingoni wasitoboe ua wa watu, kura. Manyoya yangu nayo yanachukuliwa kwa kura. Wanaume wananyoosha mikono, Shemasi anahesabu, gunia linakwenda. Mimi ni mwanamke, mkono wangu hauhesabiwi. Na katika mkutano huohuo, kabla ya kufika kwenye manyoya, walikuwa wamepitisha azimio kwamba kumtoza mtu kitu bila kura yake ni kumfanya mtumwa. Nilisimama kule nyuma nikauliza, "Na manyoya yangu je?" Kisha Shemasi akasema, "Mama Keziah, hilo ni jambo lingine." Wakapiga kura kwamba ni jambo lingine, na ikapita.

4. Chai yenu ilipomwagwa baharini kule Boston, mji wetu nao haukutaka kubaki nyuma. Bahari hatuna. Ikaamuliwa Bwana Lumley apakwe lami mara ya pili, kwa sababu ndiye waliyemzoea. Kwenda kumchukua, kumbe ameshakimbilia Boston na kuacha kiti chake tu. Watu wengine wangerudi nyumbani. Watu wa Harrowfield hawaachi kura iliyopita ikae bure. "Azimio ni azimio, na lami imeshachemka," alisema Shemasi. Wakapaka kiti. Wakakimwagia manyoya ya binti yangu, wakakipandisha mkokoteni, wakakizungusha mji mzima wakikizomea, "Huna haya wewe, rudi kwenu!" Niliwaona watu wazima, wenye wajukuu, wakikitolea kiti ngumi.

5. Mlipofunga bandari ya Boston na kuijaza askari wa makoti mekundu, mji ulipiga kura kuwa na akiba ya manyoya kwa ajili ya yeyote atakayewauzia askari chakula. Hapo na mimi nikaona nifuate mfano wa wakubwa wa Boston, walioimwaga chai wakiwa wamejipaka masizi. Nilijipaka masizi usoni nisijulikane, nikayabeba manyoya yote hadi bwawa la kinu nikayamwaga. Kila aliyenipita alinisalimu kwa jina. Tena sikuwa nimefikiria kwamba manyoya, tofauti na chai, yanaelea. Wakayaopoa kwa nyavu za samaki, wakayaanika kanisani, na mpaka leo yako ghala moja na baruti. Tangu hapo vijana wote wanafanya mazoezi ya bunduki uwanjani, Asahel miongoni mwao. Nilimuuliza wanajiandaa kupigana na nani. Akasema, "Na yeyote, mama," na nikaona hata yeye hapendi jibu lake.

6. Mabawa. Hili ningeliweka la kwanza kama ningekumbuka. Kuna kamati ya barua hapa ambayo kazi yake ni kuwaandikia ninyi huko kulalamika, na kalamu zao zote zinatoka kwenye mabawa ya mabata wangu. Mngejibu hata barua moja wangeridhika. Hamjibu, wanaandika nyingine, wananyonyoa bata mwingine. Mabata wangu sasa wanatembea kama wazee waliofilisika.

Mheshimiwa, wakati unapita. Mama Asahel amenijia wiki hii. "Dada, mimi sina neno na Keziah," akasema, "ila mwanangu hawezi kulala juu ya ahadi." Godoro lisipojaa kabla ya kupanda mahindi atamwozesha mwanawe kwa binti wa mwenye kinu, ambaye ana magodoro mawili na hana kingine. Keziah alisikia yote akiwa nyuma ya mlango. Alikwenda kukaa na mabata mpaka giza likaingia, na mimi mama yake niliumia sana.

Nimeanza upya kukusanya manyoya tangu msimu wa baridi. Safari hii nayatia moja kwa moja ndani ya godoro, nashona, na nalala juu yake nikiwa na mchi mkononi. Limebaki pembe moja tu. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, mfute kodi zilizobaki. Ikiwa hilo ni gumu, basi kila afisa anayetumwa huku apande meli na gunia lake la manyoya kutoka London. Lami tutatoa sisi, misonobari inayoitoa tunayo. Akishuka tu akabidhi gunia kwa Shemasi, apakwe, apewe risiti, aendelee na kazi yake. Ikiwa na hilo ni gumu, basi watumwe watu wembamba. Na ikiwa yote hayawezekani, naomba manyoya yangu yatambuliwe rasmi kuwa koloni la peke yake lisilo na ugomvi na mtu yeyote, na mimi nitaliendesha kwa gharama zangu.

Nimesema mimi ni mtiifu na sijabadilika. Naamini mambo haya hayawezi kufika kwenye vita. Watu wanaokifanyia kiti maandamano hawana moyo wa kuua.

Nisalimie Mfalme na Malkia na watoto wao wote, maana nasikia ni wengi na nyumba inahitaji magodoro. Nisalimie makarani wako, na yule anayezipokea barua zetu na kuziweka popote anapoziweka. Bwana Lumley ukimwona, mwambie beseni lake bado ninalo.

Wako mtiifu,
Mehitabel Tuttle (mjane)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa mezani bado wakati askari wenu walipopita barabarani leo, wakirudi Boston mbiombio kutoka kutafuta silaha vijijini, wakipigwa risasi na vijana wetu, nao wakipiga. Asahel alikuwa nyuma ya ukuta wa mawe wa shamba langu. Wamemleta ndani kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya karibu, nimemlaza juu ya godoro. Ana tundu pajani na kitambaa hakikutosha, basi nikachana mshono kwa kisu nikawa nachota manyoya kwa konzi na kuyashindilia. Mama Asahel alifika akapiga magoti ng'ambo ya pili, naye akawa anachota. Hakuuliza limejaa au halijajaa. Damu imesimama. Anapumua, na Keziah amemshika mkono na hataki mtu amsogeze.

Shemasi Zadok amekuja mlangoni, uso mweusi kwa baruti. Alitaka kuitisha mkutano kuhusu mabata, kwa kuwa vijana waliokuwa wakipigana hawajala tangu alfajiri. Nimemwambia asisumbuke na kura, nimeshawachinja. Wanakula uani wakiwa wamesimama, bunduki mkononi, na kesho wanakwenda kuizingira Boston. Nimewafungia na mikate.

Yale niliyoomba hapo juu usiyafanye. Barua naituma hivyo hivyo, upate kujua kwamba katika mji huu palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa bado upande wenu, na mmempoteza leo.